Mnaniuliza atatembea lini, mi nataka niwaambie kuhusu mgongo wake

Jana asubuhi nilikuwa stendi ya bajaji hapa Nkuhungu, Dodoma, nimembeba mwanangu mgongoni, mama mmoja ambaye tunafahamiana kwa sura tu akanisalimia, akamshika mtoto mguu akauliza, "Shoga, huyu ameshaanza kutembea?" Nikamwambia bado. Akasema pole, Mungu atafanya, akapanda bajaji yake akaondoka. Hakuwa na ubaya wowote yule mama, ni swali nimeulizwa na watu wengi mno, kanisani, sokoni Sabasaba, msibani, hadi yule kijana anayekuja kunitengenezea cherehani aliniuliza. Ila njiani nikawa nawaza, mbona hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ameshaanza kukaa? Au anashika kijiko? Maana huko ndo kwenye habari zote, na ninayo mengi ya kusema, kwahiyo leo nimefunga ofisi mapema naandika.

Kwa ambao ndo mnanisoma mara ya kwanza, mwanangu ana miaka minne na miezi miwili na ana mtindio wa ubongo. Uchungu ulikuwa mrefu sana, alizaliwa bila kulia, wakamhangaikia wee mpaka akalia. Daktari alikuja kutueleza baadaye kwamba ubongo ulikosa oksijeni, na kwamba lile jeraha lenyewe la ubongo haliongezeki, ila mwili ndo unabadilika kadri mtoto anavyokua, ndo maana mazoezi yanatakiwa yaanze mapema na yasikatike. Kwa mwanangu mikono na miguu inakaza, lakini katikati, yani shingo, mgongo, tumbo, alikuwa laini kabisa, ukimpakata anakumwagikia begani kama nguo mbichi iliyotoka kufuliwa.

Miezi sita shingo bado inaanguka. Nikampeleka sehemu moja ya matibabu, sitaitaja, nikaambiwa watoto wa kiume ni wavivu, mpe muda. Nikampa muda. Miezi minne nzima nimempa muda, na hiyo miezi minne inaniuma mpaka leo ninavyoandika hapa. Nilikuja kujua baadaye kwamba Shirika la Afya Duniani waliwafuatilia watoto wenye afya njema wa nchi tano, Ghana ikiwemo, majibu yakatoka mwaka 2006, na karibu wote walikuwa wameweza kukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18. Nafasi ni pana kweli, mtoto wa jirani akitembea na miezi tisa na wako akatembea na miezi kumi na tano hakuna tatizo lolote, hata kutambaa kuna watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti na wakatembea vizuri tu. Ila mama mwenzangu, miezi tisa ikipita mtoto hajakaa, au ana miezi mitano na shingo bado inaning'inia, usikubali kuambiwa mvivu. Mtoto mchanga hana uvivu. Nenda ulizia kliniki ya mazoezi tiba, hospitali za mikoa wanayo, na kama uliyemkuta hakusikilizi nenda kwa mwingine.

Basi siku ya kwanza ya kliniki nimefika nimejipanga, na swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo la yule mama wa bajaji. Atatembea lini. Dada fizio, yani yule mtaalamu wa mazoezi tiba (ndo ninavyomwita mpaka leo, yeye ananiita mama), hakunijibu. Akamlaza mtoto kwenye godoro, akamgeuza huku akamgeuza kule, akamkalisha akamwachia kidogo, mtoto akakunjika mbele hadi paji la uso likagusa magoti. Akamdaka taratibu. Halafu akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Nikamwambia mi fundi cherehani, nashona. Akaona sindano niliyochomeka kwenye ukosi wa gauni, maana mafundi wengi tuna hiyo tabia, akacheka, akasema haya njoo ukae hapa. Ni lile lipira lao likubwa la mazoezi. Nikakaa. "Nyanyua miguu kidogo isiguse chini." Nikanyanyua. "Sasa tunga uzi kwenye hiyo sindano."

Jamani mi natunga sindano tangu nina miaka kumi na mbili, natunga huku naongea na wateja, natunga umeme umekatika. Pale juu ya mpira nilishindwa. Mpira unakimbia huku, mwili unaufuata, uzi unapita pembeni ya tundu, mabega yamenipanda mpaka masikioni, nimebana pumzi, kila nikikaribia mkono unaruka wenyewe kutafuta pa kushika. Nikajaribu kama mara nane. Akaniambia shusha miguu, kaa kwenye stuli, tunga. Mara moja tu ikaingia. Akasema, "Mama, mikono ni ileile na macho ni yaleyale, kilichobadilika ni ulipokalia. Mwanao anaishi juu ya huo mpira masaa ishirini na nne."

Nililia pale, simfichi mtu. Kwasababu nilikuwa nimeshazoea kumuona anakaza mikono, anabana ngumi, anapandisha mabega, nikajua ndo ugonjwa wenyewe ulivyo, kumbe sehemu kubwa alikuwa anajishikilia asianguke. Ukiwa huna kitu kigumu katikati, mikono inaacha kazi yake inakuwa ya kujishikia. Kwa lugha ya kwetu mafundi, ni kola isiyowekwa kile kitambaa kigumu cha ndani, unaweza ukaipiga pasi hadi kesho na ukashona vifungo vya bei, itaanguka tu.

Na akanielewesha kwamba hiyo "katikati" sio tumbo la kugawanyika kama la wacheza mpira. Ni tumbo kwa mbele na ubavuni, mgongo kwa nyuma, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na misuli ya chini kabisa inayoshika mkojo, vyote vinafanya kazi pamoja kama pipa lililofunikwa juu na chini. Ndo maana mtoto mwenye kati dhaifu unakuta anabana pumzi kila akijaribu kufanya kitu, anautumia ule upepo kama ndo mgongo. Na juu ya hapo yanakuja mabega, ile mifupa miwili bapa ya nyuma ya bega inatakiwa itulie mgongoni ndo mkono upate pa kuanzia. Yani inaenda kwa mpangilio, kati, bega, kiwiko, halafu vidole mwishoni kabisa. Sisi wazazi tunaanza na vidole. Tunampa kalamu, tunampa kijiko, anakidondosha, tunasema hajui.

Niliporudi nyumbani siku hiyohiyo nikashona rola, yani ule mto mrefu wa mviringo wa kumlazia mtoto akifanya mazoezi. Kliniki walikuwa nazo za sponji zenye ngozi juu, bei yake siiwezi, ila kitu cha kushonwa kwangu sio cha kununua. Nilikuwa na gunia la mabaki ya sare za shule za Januari, kaki na bluu, nikayakatakata, nikashona mfuko mrefu wa turubai kwa mshono wa mara mbili, nikashindilia na mwiko wa ugali mpaka ukawa mgumu haubonyei, juu nikavalisha kitenge chenye zipu ili nifue. Kipimo alinipa dada fizio, unene wa rola uwe sawa na kutoka kwapani kwa mtoto mpaka kiwikoni, ili akilala kifudifudi rola ikiwa chini ya kifua viwiko viguse chini vizuri. Ikiwa nene sana mikono inaning'inia haifanyi kazi, ikiwa nyembamba analala tu. Nimeshabadilisha mara tatu sasa anavyokua, na nimeshashonea wamama wengine sita wa kliniki.

Kulala kifudifudi ndo kulitutesa kuliko vyote. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 inasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye bado hajaanza kujisogeza alazwe kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, kidogokidogo, sio kwa mkupuo. Hiyo ni kwa watoto wote, wenye shida na wasio na shida (kulala usingizi ni chali, hapo msichanganye). Mwanangu alikuwa hamalizi hata dakika moja. Analia anakuwa mwekundu, uso kwenye kitenge, na mimi nalia. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kutoka Bahi kunisaidia, akasimama mlangoni akaniambia, "We mwanangu, mtoto gani anaanikwa kama kambale? Mnyanyue huyo!" Nikamwambia mama ndo wamesema hospitali. Akasema waliosema hospitali hawajazaa huyu.

Tulichofanya ni kuanza juu ya kifua changu. Nalala chali nimeegemea mito, yeye kifudifudi juu yangu, ananitafuta uso, na kila akitaka kuniona lazima anyanyue kichwa. Sekunde tano. Sekunde kumi. Nikawa naongea naye sauti ya chini kabisa ili anitafute. Wiki tatu hivi tukahamia kwenye rola, na hapo kilichotuokoa ni kioo cha ofisini, kile ambacho wateja wanajiangalia wakijaribisha nguo. Nilikishusha chini nikakilaza ubavu ukutani, mtoto kwenye rola mbele yake. Alivyomuona yule mtoto wa kwenye kioo alinyanyua kichwa akakaa nacho, mate yanatiririka, anamwangalia mwenzie. Nilihesabu mpaka thelathini na tano. Mama alikuja akachuchumaa pembeni akasema tu, "Heee."

Na huyu mama ndo alikuja kuwa mwalimu wa pili, hapa lazima nimpe haki yake. Yeye ni Mgogo kamili, ujanani alikuwa anapiga muheme, zile ngoma za kina mama ambazo unaibana katikati ya mapaja na kupiga kwa mikono mitupu huku mwili mzima unacheza. Siku moja tulienda naye kliniki akamuona dada fizio amemkalisha mtoto kwenye rola kama anapanda punda, miguu huku na huku, anamwinamisha kidogo kushoto, anasubiri mtoto ajirudishe katikati, anamwinamisha kulia, anasubiri. Mama akasema, "Kumbe ndo hicho. Muheme haupigwi na mikono, mwanangu. Mikono inafika tu mwisho. Unapigwa kutoka hapa." Akajishika kiuno. Dada fizio alimwangalia akasema bibi, hiyo nimekaa darasani miaka mitatu kuisoma.

Kuanzia hapo bibi na mjukuu wakawa na ngoma yao. Ndoo ndogo ya rangi, ile ya lita nne, imegeuzwa juu chini, mtoto amekaa, ndoo katikati ya miguu yake, bibi nyuma yake amemshika nyongani. Wanapiga. Mara mkono wa kulia, mara wa kushoto, mara yote miwili. Halafu bibi anaisogeza ndoo kidogo pembeni ili mtoto ajigeuze kiunoni kuifuata, kulia, kushoto, na huko kujigeuza ndo dhahabu yenyewe kwasababu misuli ya ubavuni ya kukatiza tumbo ndo inayomgeuza, na ndo ataitumia kujigeuza kitandani, kuvaa shati, kila kitu. Majirani walijua kuna kikundi kinafanya mazoezi ya sherehe.

Kitu kimoja ambacho nisingekijua bila kuelekezwa ni pa kumshika. Mi nilikuwa namshika kwapani, kifuani, juu kabisa, maana ndo unaona yuko salama. Kumbe ukimshika kwapani wewe ndo unakuwa mgongo wake, yeye hana kazi ya kufanya. Unatakiwa ushike chini kidogo ya pale ambapo anaanza kushindwa, na kadri anavyopata nguvu mikono yako inashuka. Kwapani, mbavuni, kiunoni, nyongani, mapajani. Nina kalenda ya ukutani nimeandika tarehe za kila mkono uliposhuka, kutoka mbavuni kwenda kiunoni ilituchukua miezi mitano. Na akianza kuyumba usimkimbilie, hiyo ngumu sana kwa mama, mpe sekunde moja mbili ajitafute, kwasababu kule kujitafuta ndo zoezi lenyewe. Ukimuwahi umemnyima. Mkono wako uwe karibu tu tayari kudaka.

Makosa nimefanya mengi na nayasema ili mwingine asirudie. Nilikuwa namuegemeza kwenye kona ya sofa na mito pande zote, anakaa hata masaa mawili nikiwa nashona, nikaona amekaa, kumbe amejikunja kama herufi C, mgongo umelala, kidevu kifuani. Alijifunza kujikunja tu. Dada fizio akanifundisha kumkalisha kwenye beseni imara lenye kanga zimeviringishwa pembeni ya nyonga tu, sio mgongoni, miguu inatokeza mbele, au kwenye kistuli kidogo miguu yake ikiwa imekanyaga chini kabisa, nyonga na magoti vimekunjwa kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisini, na muda uwe mfupi. Kosa la pili nilinunua woka, kile kigari cha mtoto cha magurudumu, nikijua nawahisha miguu. Anakuwa ananing'inia mle anasukuma kwa ncha za vidole, mwili wote umetundikwa, misuli ya katikati imelala, na vidole vinazidi kukaza. Kanada wamepiga marufuku kuuza vile vitu tangu 2004 kwasababu ya watoto kuanguka navyo. Cha kwangu nimekitoa magurudumu, kinakaa nje kina ndoo ya maji ya kunawia.

La tatu ni la hatari zaidi. Kumvuta mtoto kwa mikono kumnyanyua, au kumrusha juu kwa mikono miwili anapocheza na mjomba. Mtoto ambaye misuli ya bega imelegea bega linaweza kuchomoka. Mnyanyue kwa kumgeuza ubavu kwanza, mkono wako mmoja nyuma ya bega, ajisukume na kiwiko chake mwenyewe. Hata hiyo ni zoezi, mara zote mnazomnyanyua kwa siku ukizijumlisha ni nyingi kuliko za kliniki.

Na uji. Jamani uji. Kumlaza mtoto kichwa nyuma na kummiminia uji ndo ilikuwa kawaida yetu, maana akikaa anamwaga. Akawa anakohoa kila mlo, anapata vifua visivyoisha. Mtoto ambaye kati yake haijamshika hawezi kutuliza shingo, na shingo isipotulia koo halimezi vizuri, chakula kinaingia njia ya hewa. Tulivyoanza kumlisha amekaa wima, nyonga zimerudi nyuma kabisa kwenye kiti, kidevu kimeinama kidogo, uji mzito sio wa majimaji, kijiko kinatoka mbele na chini, kukohoa kulipungua wiki hiyohiyo. Kwahiyo mtu akiniambia mazoezi ya mgongo ni ya kutembea tu namwonesha daftari la hospitali, tulivyokuwa tunaenda kwa kifua kabla na baada.

Mikono na mabega tulianza navyo kwa nguvu alipofika miaka miwili. Kabla ya kunyanyua kitu chochote alijifunza kuegemea mkono. Anakaa upande, kiganja kimefunguliwa chini kwenye mkeka, uzito wake unaingia kwenye ule mkono, na mkono mwingine unachukua vifungo vikubwa kutoka kwenye kopo (vile vya makoti, na mi niko pale naangalia, kifungo ni kitu cha kumkaba mtoto, usimwache navyo hata dakika). Ule mkono uliokaza ukipata uzito taratibu unafunguka wenyewe, ngumi inalegea, nilikuwa siamini. Halafu kusukuma. Tunampa boksi lenye vitambaa asukume sakafuni akiwa kwenye magoti, ananisaidia kukanda unga wa chapati, anakamua soksi siku ya kufua. Chupa ya maji ya nusu lita ikijaa ni nusu kilo, kwahiyo tulianza na robo ya chupa, anaipokea kulia anaipeleka kushoto, wiki zikienda tunaongeza maji kidogo. Sihitaji kununua vyuma.

Toroli mnaujua, ule mchezo mmoja anatembea kwa mikono mwingine anamshika miguu. Kwake tunamshika mapajani sio vifundoni, maana ukishika mbali tumbo linazama kama kamba ya kuanikia iliyolegea na mgongo unaumia. Akitembea mikono mitatu minne anapumzika. Watoto wa jirani wakitoka shule wanakuja kupanga foleni na wenyewe wanataka, kwahiyo jioni uani kwangu kuna toroli sita zinapishana na yeye ni mmoja wao. Hilo la kuwa mmoja wao lina kazi yake, mtoto peke yake na mama yake anachoka dakika tano, akiwa na wenzie anasahau kuchoka.

Kuna kupuliza pia, hiyo anaipenda kuliko zote. Maji kwenye kikombe, mrija, anapuliza mapovu huku amekaa bila kuegemea. Inamfundisha kutoa pumzi mwili ukiwa wima, badala ya kuibana. Mwanzoni alikuwa akipuliza tu anadondoka.

Sio kila siku inawezekana na hilo nataka wamama wasijilaumu. Hii baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba na ule upepo wa vumbi, asubuhi anaamka amekaza kama ubao, hapo kwanza maji ya moto, kumkanda taratibu, jua lipande ndo tuanze. Akiwa na homa hatufanyi. Siku ya degedege hatufanyi, tunaenda hospitali. Na katikati ya mazoezi ukiona amebana pumzi, jasho, kichwa kinaanza kuanguka, miguu inanyooka na kupishana kama mkasi, amechoka, acha, mbebe. Mgongoni na kanga yenyewe ni mazoezi, bibi yake alisema hivyo tangu siku ya kwanza na dada fizio alikubali, mguu umefunguka huku na huku, na mwili wake unajirekebisha kila hatua ninayopiga.

Alikaa mwenyewe, mikono imeegemea chini mbele, akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Akaachia mikono akiwa na miaka miwili na nusu, sekunde chache. Miaka mitatu na mwezi mmoja alikula mwenyewe. Hiyo siku naikumbuka vizuri kuliko siku yoyote. Bibi alikuwa amepika ugali wa uwele na mlenda, mtoto amekaa kwenye kigoda chake miguu chini, mi nimejisahau naongea na simu na mteja. Nageuka namkuta amemega. Tonge kubwa kuliko mdomo, mlenda unavutika mpaka kwenye shati, mkono wa kushoto umeegemea paja, bega limetulia halijapanda, na ule mkono wa kulia unakuja, unatetemeka lakini unakuja, mpaka mdomoni. Nilimkatia mteja simu. Bibi akapiga vigelegele majirani wakatoka.

Miguu tunaifanyia kazi pia msinielewe vibaya, anasimama kwenye ubao wa kusimamia nusu saa, ana viatu vyake maalumu, nyonga zinapigwa picha ya eksirei kila mwaka maana watoto wa hivi nyonga zinaweza kuchomoka taratibu bila wewe kujua. Dada fizio anasema huenda akatembea na kitembezi cha chuma, huenda akahitaji kiti cha magurudumu. Sijui, na nimeacha kuulizia.

Jana hiyohiyo mchana baada ya kutoka kliniki tulikuwa ofisini, mi niko mezani nachora suruali ya mteja, yeye yuko kwenye kigoda pembeni ya cherehani na kopo lake la vifungo. Chaki ikanidondoka ikaviringika hadi chini karibu na mguu wake. Nikataka kuiokota nikasimama. Akaiangalia. Akainama pembeni, mkono wa kushoto ukashika ukingo wa kigoda, wa kulia ukaenda chini, ukakosa, ukaenda tena, ukaipata, halafu ule mgongo wake ukamrudisha juu, taratibu, hakuna mtu nyuma yake, akageuka kiunoni mpaka akaniona akaninyooshea. "Mama, chaki." Nikaipokea, nikamalizia kuchora mguu wa pili.